Babu Zao Wote Walikuwa Kwenye Ile Kona

Kuna kona ya barabara huko Ayalandi ambayo sijawahi kuiona wala sina hamu ya kuiona, lakini naijua kuliko ninavyozijua ngazi za jengo ninalokaa hapa Troyeville, Johannesburg. Kwa maelezo ya wanaoisifu, ni kona finyu: ng'ombe wawili wakikutana hapo, mmoja sharti aombe radhi na kurudi kinyumenyume. Kushoto kuna ukuta wa mawe, kulia kichaka cha miiba, na nyuma ya kichaka kinamasi. Basi asubuhi moja, miaka mia na ushei iliyopita, nyuma ya ukuta ule na ndani ya kichaka kile walijificha wanaume wa kaunti moja wakiwa na bunduki, na ukiwajumlisha kwa jinsi wajukuu zao wanavyosimulia, walikuwa wengi wa kujaza uwanja wa mpira wa Soweto, na wengine wakabaki getini wanauza karanga.

Kwa asiyevijua vita hivyo, nitaeleza kwa ufupi, maana nilisoma. Waayalandi walitawaliwa na Mwingereza kama sisi, ila wao kwa muda mrefu zaidi, na tena alikuwa jirani yao wa mlango kwa mlango. Jirani akikutawala hupumui. Mwishowe vijana wao wakashika bunduki wakawa wanavizia malori ya askari kwenye njia za mashambani. Mwingereza akawamwagia wanajeshi wastaafu, wamevaa nusu sare ya polisi nusu ya jeshi, wachoma nyumba na wapiga watu. Kila kaunti ina hadithi zake za miaka ile. Vita vyenyewe sivibezi hata kidogo. Mtu aliyelala kwenye tope akisubiri lori la mkoloni namvulia kofia. Ninaowabeza ni wajukuu.

Wajukuu wenyewe wapo hapa hapa Johannesburg. Wazee wao walifuata dhahabu, wakabaki. Wana chama cha kaunti yao, na chama kinakutana Jumapili moja kila mwezi katika ukumbi mmoja wa Kensington, nyuma ya maduka ya barabara kuu. Mtunza ukumbi ni mimi. Funguo zangu, birika la chai langu, kipaza sauti changu, na choo kikiziba nacho ni changu.

Nilikuwa nafanya kazi hiyo mchana na jioni nakwenda shule ya usiku pale Doornfontein, juu ya karakana ya kutengeneza makochi. Tulisoma historia huku gundi ikitupanda kichwani; darasa zima tulihitimu tukiwa tumelewa. Nilipata matriki, cheti cha kumaliza sekondari, katika umri ambao wenzangu wanatafutia wajukuu shule. Alama zangu za historia zilikuwa za kutisha: mwalimu alisema hajawahi kuona kitu kama kile, nami kwa busara sikumuuliza kitu gani. Mwenyekiti wa chama aliposikia kwamba nimefaulu historia alinishika mkono kwa mikono yote miwili, akanipa heshima kubwa kuliko zote alizokuwa nazo: akaniruhusu kusikiliza.

Huyu Mwenyekiti, kabla hajastaafu, alikuwa mkaguzi wa kampuni ya bima. Maisha yake yote alilipwa kwa kutomwamini mtu. Nyumba ikiungua alifika na tochi kumnusa mwenye nyumba. Siku alipostaafu akaitupa ile tochi, akaanza kuamini kila aliloambiwa, mradi liwe limetokea Ayalandi. Alikuwa anaandika kitabu, historia ya kaunti yao katika miaka ya kupigania uhuru. Nilipoanza kazi pale kitabu kilikuwa "karibu kwisha". Tangu hapo nimeoa, nimesoma, nimehitimu, nimeota mvi, na kitabu bado kilikuwa kinakaribia.

Wana desturi yao moja. Mwenyekiti hugonga kikombe kwa kijiko, kisha kila ukoo unainuka kwa zamu kumsimulia babu yake wa siku ile ya kona. Na hadithi haianzi asubuhi, la hasha. Inaanza jioni ya kuamkia siku hiyo, na inaanza na kuaga. Babu asiyeaga si babu. Sharti amshike mkewe kiunoni, au ampe mamake saa ya mfukoni, au apige magoti mbele ya padri, aseme, "Kesho, kwenye kona." Hapo kina mama wanatoa leso. Mimi kazi yangu ilikuwa kuongeza sauti ya kipaza sauti kidogo, maana watu hawajui kulia na kusema kwa pamoja. Kila mwezi kuaga kulirefuka. Kuna daktari wa meno mmoja, mrefu, mwenye sauti ya kuamsha maiti. Mwaka wa kwanza babu yake aliaga mama tu. Mwaka uliofuata akaaga mama na mchumba. Nilipohitimu mimi, babu wa daktari alikuwa ameaga kijiji kizima, farasi wawili na kasisi wa kanisa la upande wa pili.

Msinidhanie kwamba nawacheka kwa kuwa ni Wazungu. Uongo wa aina hii naujua harufu yake, nimekulia jikoni mwake. Teremkeni Bertrams, pale tunapokunywa chai sisi watu wa Kiswahili, kwa mama mmoja Mrundi anayekaanga maandazi nje ya spaza, kiduka cha mtaani. Kuna mwenzetu wa Dar, muuza kava za simu. Siku moja mteja alimwambia arudi kwao. Akaja amefura kama andazi lenyewe.

"Mimi niambiwe nirudi kwetu?" alisema. "Mimi? Baba yangu mzazi aliwalaza wapigania uhuru wa nchi hii chumbani kwake! Kitandani! Yeye akalala chini! Sisi ndio tuliowakomboa hawa!"

Yule mama hakuinua hata macho kwenye karai. "Ehe," alisema. "Na wewe mtu wa Tanga, kwenu nani alilala chini?"

"Mjomba wangu," nikasema. "Tena aliwapikia."

"Aliwapikia nini?"

"Pilau."

Mjomba wangu hajui kuchemsha maji, lakini ndivyo alivyokuwa akitusimulia, na mimi siwezi kumwangusha mjomba mbele ya mtu wa Dar.

"Nyinyi Watanzania mnapenda sifa, mama wee," alisema akigeuza maandazi. "Mimi nimekulia kambini Kigoma. Kila Mtanzania niliyemkuta, baba yake alilala chini. Hao wapigania uhuru walipigana saa ngapi sasa, kama kila siku walikuwa wamelala kwenu?"

Muuza kava alitaka kukasirika, akaona andazi lake bado halijatoka kwenye mafuta, akacheka. Ndiyo maana nasema naujua. Tofauti ni kwamba pale kwa mama, ukizidisha, kuna mtu wa kukukata. Kule Kensington hapakuwa na mtu. Kila mmoja alimwachia mwenzake babu yake akue, ili na wa kwake naye aachiwe.

Sasa, ile siku ya kona, pamoja na wingi wote huo, walishindwa. Hili hawawezi kulikwepa kwa sababu vijana waliokufa makaburi yao yapo. Lori lilipokaribia, askari waliruka chini kabla ya kona, wakazunguka kinamasini, wakawatokea vijana kwa nyuma. Walijua. Na kama walijua, kuna aliyewaambia. Wiki haikupita kaunti ikawa imempata: fundi viatu wa kijijini, ambaye alikuwa anashona mabuti ya askari wa kambini kama alivyoshona ya kila mtu. Alichukuliwa mezani kwake. Asubuhi akakutwa njiani amepigwa risasi, kifuani ana kadibodi imeandikwa kwamba ni msaliti. Katika mikutano yote, fundi viatu alikuwa mtu wa kumalizia. Daktari wa meno akishamaliza kuaga farasi, alisema, "Na kama si yule mbwa wa viatu!" na ukumbi wote ukaguna. Kisha chai.

Na keki. Keki zililetwa na bibi mmoja wa Bez Valley, mtu wa zaidi ya miaka themanini, mdogo wa mwili, aliyepanda kilima kwa miguu na kikapu chake kwa kuwa teksi, alisema, zinamtikisia sukari. Mimi nilimwita Gogo, kama Wazulu wanavyowaita bibi zao, na wenzake wakashtuka kana kwamba nimemvua kiatu. Yeye aliipenda. Kila mwezi alikaa kiti cha pembeni karibu na jiko. Hakuwahi kuinuka kusimulia. Nilidhani ni aibu, au babu yake alisahau kuaga.

Jumapili moja Mwenyekiti aligonga kikombe mara nyingi kuliko kawaida, akatangaza kwamba kitabu kimekwisha. Watu walipiga makofi kama vile Mwingereza ameondoka siku hiyo. Mwezi ujao, alisema, atasoma sura ya mwisho, ile ya usaliti, yenye jina kamili la msaliti kwa mara ya kwanza. Kisha kitabu kitakwenda kuchapwa, na nakala zitapelekwa katika maktaba ya kaunti yenyewe, kule kule.

Nilimkuta Gogo jikoni ameshika kikombe kimoja anakiosha, anakiosha, mpaka nikakionea huruma.

"Gogo, hicho kimeshatakata tangu zamani."

"Mwezi ujao watamsoma babu yangu, mwanangu."

"Babu yako! Mbona hujawahi kusimama kumsimulia?"

"Yeye hakuwa kwenye kona."

Nikacheka kwa nguvu. "Alhamdulillahi! Hatimaye kuna mtu hakuwepo!"

Hakucheka. Aliweka kikombe chini. "Ni yule fundi viatu," alisema.

Nimeambiwa mimi ni mtu wa maneno mengi. Siku ile nilifunga bomba la maji tu.

Akanisimulia, kwa kifupi sana kwa mtu aliyekaa na jambo maisha yake yote. Babu yake alichukuliwa akiwa bado amevaa aproni yake ya ngozi. Baada ya hapo hakuna aliyemuuzia bibi yake mkate wala maziwa. Akamchukua mwanawe, akapanda meli, akaja huku kwa binamu aliyekuwa migodini. Yule mwana ndiye baba wa Gogo, na hakuwahi kulitamka jina la kaunti mpaka alipokuwa kwenye kitanda cha kufia. Gogo hakupata mtoto. Ndugu hana.

"Sitaki wampe medali," alisema. "Nataka neno lile lisichapwe juu ya jina lake. Likichapwa litabaki hilo tu, na mimi nikifa hapana mtu duniani wa kulibishia."

"Basi si uwaambie, Gogo! Miaka yote unakaa pale, unawalisha keki!"

"Niwaambie nini? Baba alisema hakusaliti. Ni neno la mtoto juu ya baba yake. Wao wana hadithi, mimi nina hapana tupu."

"Sasa kwa nini unakuja?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini watu huenda sokoni. "Kusikiliza," alisema.

Mwezi ulipofika ukumbi ulifurika. Walikuja hata wale ambao hulipa ada kwa posta ili wasilazimike kuja. Mwenyekiti alivaa koti la kijani. Kwanza, alisema, kwa heshima ya siku kubwa, kila ukoo utasimulia kwa ukamilifu. Kwa ukamilifu! Mimi nilivuta stuli nikakaa, nikajua leo tunalala hapa.

Kabla daktari wa meno hajainuka, Gogo aliinua mkono. Ukumbi uligeuka kama alizeti.

"Naomba nisaidiwe jambo moja," alisema. "Kuaga. Nazipenda sana hadithi za kuaga. Leo tunapofunga kitabu, naomba kila mmoja aanzie hapo, aseme vizuri babu yake alimwambia nani. Tusimsahau mtu."

Walifurahi! Mungu wangu, walivyofurahi. Ni kama kumwomba jogoo awike. Daktari wa meno akapanda jukwaani akaaga kijiji kizima kama kawaida yake, akaongeza mwalimu wa shule. Mama mmoja wa shanga nyeupe akasema bibi yake aliwaokea vijana mikate, na kwa kuwa tanuri lake lilikuwa dogo majirani wa mtaa wote walimwazima matanuri yao, wakijua fika mikate ni ya nini. Mzee mmoja dalali wa nyumba na viwanja akasema babu yake aliwanunulia pombe watu wote wa baa, akapanda juu ya meza akaimba. Aliimba nini? Aliimba kuhusu kona. Mwenyekiti mwenyewe, machozi yakimlengalenga, akakumbusha kwamba babu yake alikwenda kuungama kwa padri, na foleni ya kuungama jioni ile ilitoka nje ya kanisa ikafika kwenye lango la kambi ya askari.

Alipotamka neno kambi nilimwona anasita kidogo. Nadhani ile tochi ya bima iliwaka ndani ya kichwa chake mara moja, kisha akaizima.

Gogo hakuizima yeye. Alisubiri mpaka wa mwisho akaketi na leso zikarudi mifukoni.

"Asanteni," alisema. "Basi aliambiwa mke, mama, mchumba, padri, mwalimu, baa nzima, mtaa wote wenye matanuri na foleni iliyofika lango la kambi. Nimesikiliza kwa miaka mingi, kila mwezi, nikingoja mtu mmoja aseme babu yake alimuaga fundi viatu. Hakuna. Hakuna aliyemuaga kwa sababu hakuna aliyempenda; alikuwa mtu mkavu, anadai chake, hanywi. Katika kaunti nzima alikuwa mtu pekee asiyeambiwa. Alikuwa babu yangu. Mwenyekiti, angeuza kitu gani?"

Nimesikia kimya cha aina nyingi katika jiji hili. Nimesikia kimya cha lifti iliyokwama na kimya cha polisi anaposema lete karatasi. Hiki kilikuwa cha watu waliokata tawi walilokalia kwa misumeno yao wenyewe, na msumeno bado wanao mkononi, unang'aa.

Mwenyekiti alikohoa. "Bibi, hii ni historia. Si kesi."

"Basi msihukumu," alisema Gogo.

Sura haikusomwa. Alisema itapitiwa upya. Watu waliondoka kwa haraka, na ilikuwa mara ya kwanza keki kubaki. Waliziangalia kama vile zimetiwa kitu.

Siku ya pili yake nilizibeba mpaka Bertrams, nikamsimulia mama wa maandazi kila kitu, nikiwa na furaha ya mtu aliyeshinda yeye. Nilimwambia, "Wamekwisha! Watafanya nini sasa?"

Alikula kipande, akatikisa kichwa. "Hii imekosa iliki," alisema. Kisha akasema, "Wewe umesoma, lakini hujakaa na watu waliouana. Mimi nimekaa. Kwetu Burundi, ambako kila mlima ni kijiji, ukiuliza nani aliwaua watu wa mlima huu, kila mtu atakuambia yeye alilia. Alificha mtoto wa jirani. Alitoa maziwa. Walioua ni kina nani? Watu wa mlima mwingine. Na ukienda mlima mwingine, wanakurudisha huku. Subiri tu, utaona."

Muuza kava alikuwepo. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakumtaja baba yake.

Nikasubiri. Jumapili ya mkutano uliofuata Mwenyekiti alipanda jukwaani anang'aa kama sufuria mpya. Utafiti, alisema, umeleta mambo mapya. Nilishangaa utafiti gani, maana hata gari lake sikuliona likitoka Kensington. Akasoma. Jina la fundi viatu lilikuwemo, kamili, na neno msaliti halikuwemo. Palikuwa na maneno mengine: "aliyedhaniwa vibaya". Nilimtazama Gogo. Alikuwa ameshika ukingo wa kiti kwa mikono miwili.

Lau wangeishia hapo! Lakini watu hawa hawajui kuishia. Daktari wa meno alikuwa amekwisha inuka. Babu yake, alisema kwa ile sauti yake, tangu mwanzo alipinga. Alisema mbele ya wote, "Mwacheni fundi, hana hatia." Mama wa shanga akasema bibi yake alimpelekea mjane mikate, usiku, kwa siri. Mzee wa viwanja akasema babu yake alikimbia kwenda kumwonya fundi lakini mvua ilikuwa kubwa. Mwingine babu yake alilia. Mwingine alilia zaidi. Kufikia nusu saa, kaunti yote ilikuwa imesimama mlangoni mwa fundi viatu na mikono imetandazwa, kumkinga, na ungejiuliza wauaji walipenyaje. Na yule mjane aliyenyimwa maziwa, kumbe alikuwa anazama ndani ya maziwa! Nimekuwa nikitia chumvi maisha yangu yote, ni furaha yangu, sijamwibia mtu kwayo. Lakini siku ile nilitaka kuzima umeme.

Gogo alisimama. Hakuomba nafasi.

"Sasa nani alimpiga risasi?"

Mwenyekiti alipekua kurasa zake. "Hilo, bibi, kitabu kimelieleza. Inaaminika kwamba walikuwa watu kutoka ng'ambo ya mto. Kaunti nyingine."

Nilimkumbuka yule mama wa maandazi na mlima wake mwingine.

"Ng'ambo ya mto," alisema Gogo. "Walijuaje nyumba yake?"

Mwenyekiti alirudi kwenye kurasa zake.

"Baba yangu alikuwa chini ya meza. Alisema waligonga mlango. Mmoja alimwita kwa jina lake la utotoni, lile la nyumbani. Na babu yangu alifungua, akamwambia yule mtu, viatu vyako bado havijakauka."

Mama wa shanga alianza kutafuta mkoba wake chini ya kiti.

"Mimi nimekuja kuondoa neno moja," alisema, "na mmeliondoa, nashukuru. Ningeweza kwenda nyumbani. Lakini mkimwandikia wauaji wa kutoka mbali, mmemfanya mtu aliyekufa kwa bahati mbaya, kama aliyegongwa na gari. Hakugongwa na gari. Andika kwamba aliuawa na watu waliomjua."

"Bibi," alisema Mwenyekiti kwa upole wa mtu anayekataa madai ya moto, "sentensi kama hiyo itaangukia familia. Familia zipi? Hatuwezi kuandika bila..."

"Au niwaulize mmoja mmoja, kama siku ile?"

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo shule ya usiku haikunifundisha. Daktari wa meno alisema, kwa sauti ndogo nisiyojua kama anayo, kwamba kwa kweli babu yake wiki ile alikuwa na homa. Mama wa shanga akasema wa kwake alikuwa amekwenda kuuza ndama. Mzee wa viwanja akasema, ukifikiria vizuri, babu yake alikuwa mdogo sana. Wakawa wanaondoka mmoja mmoja kwenye ile kona, na kwenye ule mlango, na kwenye kaunti yenyewe, mababu wale wote, kwa kunyata, huku wajukuu wao wakitazama sakafu ambayo mimi ndiye niliyeipiga deki. Niliwadharau siku zote kwa kusema uongo. Siku ile niliwadharau kwa kuusema na kisha kuukimbia.

Mwenyekiti alibaki peke yake jukwaani na koti lake la kijani. Alimtazama Gogo, akautazama ukumbi, hakuna jicho lililompokea. Akatoa kalamu. Alikata mstari, akaandika juu yake, akainama akiandika kana kwamba jukwaa limekuwa baridi.

"Soma," alisema Gogo.

Alisoma. Alisoma haraka, mdomo uko mbali na kipaza sauti, kwamba fundi viatu wa kijiji hakusaliti mtu, na kwamba aliuawa na watu waliomjua.

"Na jina."

Akalisoma jina.

"Kwa sauti."

Nilikuwa tayari nimeongeza. Jina lilitoka kwenye spika zote mbili, likajaa ukumbi, likapita dirishani mpaka nje ambako waliokwisha kutoroka walikuwa wanatafuta funguo za magari yao. Gogo alisimama mpaka likaisha. Kisha akakaa.